Jani la Isale na Upatanisho wa Ndugu Uchagani

Apitaye katika vihamba vya Kilimanjaro, tangu Machame hata Marangu, ataona mipakani mmea wenye majani marefu uitwao isale. Mmea huu una kazi mbili: huonyesha mpaka wa shamba, tena huomba msamaha. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na desturi yasema kwamba si vema kulikataa. Wala si ajabu mmea mmoja ufanye kazi hizo mbili, kwa kuwa ugomvi mwingi wa jamaa Uchagani ni ugomvi wa kihamba.

Kihamba si shamba tu; ndipo penye nyumba, migomba na makaburi ya wazee. Kwa desturi mwana wa kwanza alipewa kihamba aoapo, na kitinda mimba alirithi kiwanja cha wazazi. Wa katikati walitafutiwa mahali pengine. Ardhi ilipokuwa nyingi jambo hili halikuleta uchungu mwingi. Lakini kahawa ilienea, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao cha ushirika, KNCU. Mkahawa hudumu miaka mingi, hivyo kila kipande cha ardhi kikawa mali, na watu nao wakaongezeka. Ndipo ndugu waliponyimana.

Shauri la namna hiyo lilianza nyumbani. Wazee wa ukoo waliketi uani, kila upande ukasema neno lake, na majirani waliojua mpaka wakashuhudia. Lisipokwisha, lilikwenda mbele ya mangi. Dk. Bruno Gutmann, misionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliziandika sheria za Wachaga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926, akionyesha jinsi ukoo na ujirani vilivyowafunga watu pamoja.

Nguvu ya wazee hao haikuwa kifungo. Ilikuwa hivi: wagombanao watakutana kesho kwenye mfereji ule ule wa maji. Hukumu humpa mmoja ushindi, na mwingine hurudi nyumbani na kinyongo. Lakini waishio mpaka kwa mpaka wahitaji neno ambalo wote wawili wameliridhia.

Walakini nguvu hiyo hiyo yaweza kumwonea mnyonge. Mjane aliyedai kukaa katika kihamba cha marehemu aliwakuta barazani shemeji zake, nao ndio waliokitaka kihamba. Akinyamaza kwa hofu, watu husema, "Yamekwisha." Hayo si mapatano.

Serikali ya Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, lakini upatanisho haukuondoka pamoja nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaagiza kwamba, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mtu asiombe talaka mahakamani kabla shauri halijapelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Waziri aweza pia kuikubali kamati iliyoundwa na jumuiya yenyewe iwe baraza la namna hiyo. Na kwa mashauri ya ardhi, sheria ya mwaka 2002 yataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu wao wawe wanawake. Hapo sheria imeyagusa yale yaliyopungua katika uwanja wa ukoo.

Wahenga walisema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Lakini mwalimu au mchungaji aitwaye kusuluhisha hawezi kwenda kulima. Basi na aulize kwanza: Ni nani asiyekuwapo hapa? Ni nani aogopaye kusema? Amsikilize mjane peke yake kabla ya kumsikiliza mbele ya shemeji zake. Na palipo na kipigo au damu, asilitumie jani la isale kuufunika uovu, bali alipeleke shauri panapohusika. Isale huombwa kwa kosa lililokirika. Likitolewa ili kosa lisitajwe, ni jani tu.