Mlima wa Kusini: Hifadhi ya jangwani iliyonunuliwa kwa dola 17,000

MJI wa Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ulikuwa na wakazi 29,053 katika sensa ya 1920. Miaka minne baadaye mji huo mdogo ulinunua mlima.

Viongozi wake, wakisaidiwa na Carl Hayden, aliyekuwa mbunge wa Arizona jijini Washington, waliishawishi serikali ya taifa ikubali kuuza ekari 13,000 za majabali yaliyoko kusini mwa mji kwa jumla ya dola 17,000. Bei hiyo ni kama dola moja na senti 30 kwa ekari. Wakati huo baina ya mji na mlima palikuwa na mto na mashamba.

Leo Phoenix ina watu zaidi ya milioni 1.6, na majumba yameuzingira mlima huo karibu pande zote. Hifadhi yenyewe, iitwayo South Mountain, yaani Mlima wa Kusini, imepanuliwa hadi kupita ekari 16,000. Ni mara sita hivi ya msitu wa Karura jijini Nairobi, na yote ni mali ya jiji. Mbuga chache sana za manispaa nchini Marekani zinaufikia ukubwa huo.

Kusema kweli, si mlima mrefu. Kilele chake, Suppoa, kina mita 820 hivi juu ya usawa wa bahari, na jiji lenyewe liko kwenye mita 330. Wageni hawaruhusiwi kufika kileleni kwa sababu kumejaa minara ya redio na televisheni. Mahali pa juu kabisa panapofikiwa na umma ni Dobbins Lookout, penye mita 710, na kutoka hapo bonde lote huonekana.

Mawe yake yana historia ya ajabu. Upande wa magharibi ni miamba iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo, yenye umri wa miaka bilioni 1.7 hivi. Upande wa mashariki ni matale yaliyotokana na uji wa moto uliopanda kutoka chini yapata miaka milioni 25 tu iliyopita. Ardhi ya eneo hilo ilipovutwa huku na huku, tabaka la juu liliteleza kando kama blanketi linalovutwa kitandani, na yale yaliyokuwa chini sana yakainuka na kuwa mlima.

Mvua ni haba, milimita 200 hivi kwa mwaka, lakini mimea haikosekani. Mashuhuri zaidi ni saguaro, mmea wa miiba wenye shina nene na mikono iliyoinuliwa juu. Mkenya akiuona kwa mbali huenda akaufananisha na ile miti ya utomvu mweupe inayomea Bonde la Ufa, ingawa hawana udugu wowote. Saguaro hukua polepole mno: mkono wa kwanza huweza kuchukua zaidi ya nusu karne kuchipuka, na mmea huishi zaidi ya miaka 150. Kigogota hutoboa shina lake na kufanya kiota. Akishahama, bundi mdogo huingia.

Kuna pia mti mfupi wenye shina lililovimba, uitwao mti wa tembo kwa umbo lake. Mlima huu uko karibu na ukingo wa kaskazini wa eneo unamoota, kwani baridi kali huuua. Mti huu ni wa ukoo mmoja na ile inayotoa ubani na manemane huku Pembe ya Afrika, na ukivunja kijiti chake harufu itakueleza undugu huo.

Miongoni mwa wanyama, chuckwalla ndiye anayestahili kutajwa kwanza. Ni mjusi mnene anayekula majani na maua. Akitishwa hujipenyeza katika ufa wa mwamba, akajijaza pumzi mpaka asiweze kung'olewa. Madume wa mlima huu wana mikia ya rangi ya machungwa. Wapo pia nyoka wenye sumu ambao mikia yao hulia kama kayamba. Anayepanda mlima hushauriwa asitie mkono asipopaona.

Kabla ya kuwapo Phoenix, bonde hilo lilikaliwa kwa karne nyingi, hadi yapata 1450, na watu ambao wataalamu huwaita Hohokam. Walichimba mamia ya kilomita za mifereji ya kumwagilia mashamba, na walowezi wa karne ya 19 waliifuata baadhi ya mifereji hiyo walipoanzisha mji. Mlimani waliacha maelfu ya michoro ya watu, wanyama na duara za kujizungusha, waliyoigonga kwa mawe juu ya utando mweusi unaofunika miamba ya jangwa. Katika bonde la Pima upo mwamba wenye maandishi ya mmishonari Marcos de Niza na mwaka 1539. Watafiti wengi wanayaona kuwa ya kughushi, lakini yamewekewa vyuma vya kuyalinda.

Vizazi vya watu hao wa kale, Akimel O'odham, wanaishi hadi leo kusini mwa mlima katika eneo la Jamii ya Gila River lililotengwa mwaka 1859. Kwao mlima ni Muhadagi Do'ag, mahali patakatifu panapotajwa katika masimulizi ya kuumbwa kwa ulimwengu. Katika mauzo ya 1924 muuzaji alikuwa serikali na mnunuzi alikuwa mji. Wao hawakuwa upande wowote.

Kazi ya kuifanya hifadhi ifikike ilifanywa hasa na vijana wa kikosi cha serikali kilichoundwa mwaka 1933 kuwapa ajira wasio na kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Walichonga njia na kujenga vibanda vya kupumzikia kwa mawe ya mlima wenyewe. Nyingi za kazi zao zingali imara.

Mwaka 1985 wapigakura wa Phoenix walibadilisha katiba ya jiji ili ardhi ya hifadhi za milima isiuzwe wala kubadilishwa pasipo kura ya wananchi. Hata hivyo, mwaka uo huo wapigakura wa wilaya nzima waliidhinisha kodi ya kugharimia mtandao wa barabara kuu, na mojawapo ilipangwa kupita pembe ya kusini-magharibi ya mlima.

Mzozo ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2012 Jamii ya Gila River ilipiga kura, na chaguo lililoongoza lilikuwa kwamba barabara isijengwe kabisa, si katika ardhi yao wala nje yake. Jamii hiyo na wakazi wa mitaa ya jirani walikwenda mahakamani. Mahakama ya rufaa ilitupilia mbali kesi yao mwaka 2017.

Barabara hiyo ya kilomita 35, iliyogharimu dola bilioni 1.7, ilifunguliwa Desemba 2019. Ilichukua ekari 31 hivi za hifadhi. Ni sehemu ndogo mno ukiihesabu kwa ekari, na watetezi wa mradi hawakuchoka kuitaja hesabu hiyo. Lakini ili ipite, migongo ya mlima ilipasuliwa, na pengo linaonekana kutoka mbali. Chini yake zilijengwa njia za kupitia wanyama, na pia za kupitia watu wa Gila River wanapotaka kuufikia mlima kwa miguu.