Sindano za Kichina na Kichwa cha Mwanafunzi

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kufikia katikati ya Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo, wengine wakilia na kukimbia ovyo. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, wasione sumu wala kijidudu. Shule ikafungwa. Ulimwengu umeligeuza tukio lile kuwa kichekesho. Mimi nalisoma kama waraka wa mwanzo kabisa wa taifa letu juu ya mzigo wa shule katika mwili wa mtoto. Na kumrudisha mtoto nyumbani hakukuwa tiba: hali hiyo ilisambaa hadi vijijini.

Nililikumbuka hilo majuzi, mzazi mmoja wa Kerege aliponiuliza kama ampeleke binti yake wa kidato cha nne Dar es Salaam akadungwe sindano za Kichina, apunguze wasiwasi kabla ya mitihani ya Novemba.

Sindano hizo hazikuingia nchini kama anasa ya wenye nacho. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, na Bara mwaka 1968 kutoka Shandong. Wa Bara walihudumia vijiji, na akupancha ilikuwa miongoni mwa ujuzi wao: sindano nyembamba zisizo na dawa, zinazodungwa mahali maalumu na kuachwa kwa muda. Wamarekani wengi walizisikia mwaka 1971 tu, mwandishi James Reston aliposimulia jinsi zilivyompoza Beijing baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mkulima wetu alikuwa amewatangulia. Wala watu wa pwani hawakuwa wageni wa tiba ipitayo kwenye ngozi, kwani kuumika kwa pembe ni jambo la kale. Pembe hiyo huitwa chuku, na kupiga chuku ni kutia chumvi katika maneno. Tahadhari njema kwa kila anayesifu tiba.

Soko lilipofunguliwa, zahanati binafsi za Kichina zikaenea mijini, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaweka utaratibu. Kilichokuja kama udugu wa mataifa mawili kikawa huduma ya kulipia, tena mbali na Kerege.

Je, inafaa? Majaribio madogo ya Ujerumani, kwa sindano za sikioni, yameonyesha wasiwasi wa mtihani ukipungua, ingawa si rahisi kutenganisha kazi ya sindano na faraja ya kulala kimya na kuhudumiwa. Nilimwambia mzazi sina pingamizi, mradi mtoaji awe amesajiliwa na sindano ziwe mpya. Ila nilimwomba kwanza ahesabu saa za binti huyo: kuamka kabla ya alfajiri, kugombania daladala ya barabara ya Bagamoyo, masomo ya ziada jioni, tena Jumamosi. Baraza la Mitihani tuliliunda wenyewe kwa sheria ya mwaka 1973. Ratiba hiyo ya jioni na Jumamosi haimo katika sheria yoyote. Imewekwa na walimu na wazazi, akiwemo yeye.