Bendera ya Kampuni na Watu wa Uzigua, 1888–1890

Mwanafunzi atokaye Handeni au Korogwe akiulizwa juu ya vita vya Abushiri, mara nyingi hujibu kwamba Waarabu walikuwa wakitetea biashara ya watumwa. Yafaa tuchunguze jibu hilo lilitoka wapi.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pwani yake pamoja na ushuru wa forodha. Mwezi Agosti wakala wa Kampuni huko Pangani, Emil von Zelewski, alidai bendera ya Kampuni ipandishwe. Liwali alikataa, kwa kuwa hakupata amri ya bwana wake. Ndipo askari wa manowari wakashushwa, na bendera ikapandishwa kwa nguvu.

Huo haukuwa ugomvi wa kitambaa. Njia ya misafara iliufuata Mto Pangani, ambao huko bara huitwa Ruvu, ikapita Korogwe na Mazinde hadi Kilimanjaro. Na mwenye bendera bandarini ndiye aliyetoza ushuru wa pembe. Abushiri bin Salim akaongoza vita Pangani. Huko Saadani alisimama Bwana Heri, aliyeungwa mkono na Wazigua wa bara, naye alipigana hata baada ya Abushiri kunyongwa mwezi Desemba 1889.

Huko Berlin habari ilivaa vazi jingine. Bismarck hakupenda kuigharimia Kampuni iliyoshindwa, wala bunge lisingetoa fedha kwa ajili ya hasara za wafanyabiashara. Lakini mwaka ule Kardinali Lavigerie alikuwa akiwaamsha Wakristo wa Ulaya dhidi ya utumwa, na Bismarck alihitaji kura za Wakatoliki. Basi mwezi Januari 1889 bunge lilitoa marki milioni 2 za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda mali za Wajerumani. Uingereza, iliyokwisha kugawana nchi hizi na Ujerumani mwaka 1886, ilishiriki kuifunga pwani kwa manowari.

Hata hivyo tusimfanye Bwana Heri mtakatifu. Watumwa walipitishwa kweli katika bandari zile. Wazigua wenyewe waliuzwa wengi wakati wa njaa ya miaka ya 1830, wakapelekwa hadi Mto Juba. Baadhi ya wazao wao walirudi Handeni wakiwa wakimbizi wa vita vya Somalia vya 1991. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, nao ndio uliotumiwa kuombea fedha za mizinga.

Nasi Walutheri hatukuwa mbali na jambo hili. Chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kiliitwa Bethel, kilikuwa na Carl Peters, mwanzilishi wa Kampuni, miongoni mwa waliokianzisha. Mmisionari wake Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1890, mwaka ule ule Bwana Heri aliposalimu amri.