Kunasa Hewa Ukaa Viwandani

Kunasa hewa ukaa ni kuitenga gesi hiyo kutoka katika moshi wa kiwanda au mtambo wa umeme, kisha kuihifadhi chini ya ardhi isifike angani. Saruji tunayojengea vigango vyetu Bariadi yaonesha haja yake. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, hutumia gesi asilia ya Songo Songo, inayotoa hewa ukaa pungufu kuliko makaa ya mawe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hewa ukaa ya saruji haitokani na moto, bali na mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa. Kubadili nishati hakutoshi. Kiwanda cha Brevik, Norway, kilichozinduliwa mwaka 2025, kinakusudia kunasa tani 400,000 kwa mwaka.

Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Wosia wa Kitume Laudate Deum (4 Oktoba 2023), alikiri kwamba teknolojia hizo zinatia matumaini, akaonya dhidi ya kuzitegemea huku tukiacha chanzo kiendelee. Twaliona onyo hilo kuwa la haki: mkulima wa pamba wa Simiyu, asiye na kiwanda, ndiye anayepoteza msimu mvua ikikosekana. Kamati zetu za ujenzi nazo zifikirie matofali ya kufungamana, yanayotumia udongo mwingi na saruji kidogo, wala hayachomwi kwa kuni.