Walichekwa kwanza, wakashukuriwa baadaye: zaidi ya miaka 200 ya mabishano ya waruka miavuli

Mruka mwavuli hachoki kuulizwa kwa nini mtu mwenye akili timamu aruke kutoka kwenye ndege isiyo na hitilafu. Jibu lake limechakaa kwa kurudiwa: ndege yenyewe umeiona? Kwa miaka mingi viwanja vya mchezo huu, hasa Marekani, vilitegemea ndege kuukuu: Cessna zilizong'olewa viti, Beech 18 na DC-3 zilizokwisha kustaafu kubeba abiria. Abiria wake walikaa sakafuni wamebanana, kila mmoja magoti yake kwenye mgongo wa mwenzake. Kutoka humo, wanasema, ni nafuu.

Watu hawa hutaniana kwa kila jambo. Anayefanya kitu kwa mara ya kwanza, hata kama ni kutua kwenye shamba la jirani kwa bahati mbaya, huwanunulia wenzake bia jua likishazama na ndege ikishaegeshwa. Anayetimiza mruko wa 100 hubandikwa keki ya krimu usoni, na hakuna wa kumwonea huruma. Ila utani wao mkali zaidi wameulekeza kwenye vifaa. Vitu vingi wanavyovaa leo bila kufikiri viliwahi kufanyiwa kejeli na warukaji wenyewe au na wakubwa waliotakiwa kuvinunua. Na wenye kejeli, tukiwatendea haki, mara nyingi walikuwa na sababu.

Tuanzie Paris. Tarehe 22 Oktoba 1797, André-Jacques Garnerin alipanda kwa puto juu ya bustani ya Monceau hadi karibu mita 1,000, akakata kamba iliyomfunga na puto, akashuka ndani ya kikapu kilichoning'inia chini ya mwavuli wa hariri. Alifika chini mzima, lakini safari yenyewe ilikuwa ya kutisha. Mwavuli haukuwa na tundu juu, kwa hiyo hewa iliyonaswa ndani ilitafuta njia pembeni, mara huku mara kule, na kikapu kikayumba vibaya mbele ya umati. Baadaye dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi mno: toboa tundu kileleni, hewa ipite. Mkewe, Jeanne Labrosse, aliruka mwaka 1799, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka mmoja kabla yake polisi wa Paris walikuwa wakimhoji Garnerin kwa kutangaza tu kwamba angempandisha mwanamke kwenye puto. Walihofia afya ya bibi huyo, na maadili pia.

Huko London, mchoraji mmoja aitwaye Robert Cocking alimwona Garnerin akiruka mwaka 1802, na ule uyumbaji haukumtoka kichwani. Alikaa na wazo lake miaka 35. Aliamini kwamba dawa ni kuugeuza mwavuli, ncha chini na mdomo juu, mfano wa faneli. Kwa hesabu za uyumbaji peke yake hakukosea: umbo hilo kweli hutulia zaidi hewani, na mwanasayansi George Cayley alikuwa amelieleza kabla yake. Kosa lilikuwa kwenye uzito. Chombo cha Cocking, pamoja na pete zake za bati zilizokishikilia kibaki wazi, kilizidi kilo 100. Tarehe 24 Julai 1837 kilipandishwa na puto kutoka bustani za Vauxhall, mwenyewe akiwa na umri wa miaka 61. Kilipoachiwa kilikwenda kasi, kikajikunja, kikavunjika hewani. Cocking akafa kwa kifaa alichokibuni ili kuruka kuwe salama zaidi.

Mshonaji Franz Reichelt naye alikufa Paris tarehe 4 Februari 1912. Aliwaomba polisi ruhusa ya kujaribu vazi lake la mwavuli kwenye Mnara wa Eiffel, wao wakidhani atatupa sanamu la majaribio. Akaruka mwenyewe kutoka ghorofa ya kwanza, mita 57, mbele ya kamera za sinema. Filamu ipo hadi leo. Anaonekana akisita ukingoni kwa sekunde nyingi, na mtazamaji hutamani ashuke kwa ngazi.

Kwa historia ya namna hiyo, haishangazi kwamba majeshi yalikiangalia chombo hiki kwa jicho la pembeni. Marekani, Georgia Broadwick alikuwa akiruka kutoka kwenye maputo ya maonyesho tangu mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 15, mdogo wa umbo hata wakamwita Tiny. Mwaka 1914 aliitwa San Diego kuwaonyesha wanajeshi. Mwavuli wake ulifunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege, na katika mmoja wa miruko hiyo kamba ikanasa kwenye mkia. Katika mruko uliofuata aliikata kamba hiyo, akabakiza kipande kifupi, akaruka akakivuta kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kitendo hicho akawa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuanguka huru na kujifungulia mwavuli. Wanajeshi walitazama, wakavutiwa, na hawakununua miavuli ya kutosha kuwapa marubani wao.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha gharama ya dharau hiyo. Waangalizi wa Uingereza waliokaa kwenye maputo walipewa miavuli. Marubani wa ndege hawakupewa, ingawa mhandisi Everard Calthrop alikuwa na mwavuli wake tayari na alikuwa akiuhimiza. Wakubwa walisema ni mzito, walisema unachukua nafasi, na wengine walihofia rubani mwenye njia ya kutokea atakimbia mapema badala ya kupigana. Wajerumani waliwapa wao mwaka 1918. Ernst Udet, rubani wao mashuhuri, aliruka tarehe 29 Juni mwaka huo, mikanda ikanasa kwenye usukani wa mkia, akajinasua, mwavuli ukafunguka akiwa karibu sana na ardhi. Alipona, akarudi vitani.

Baada ya vita kulikuwa na kikwazo kingine, cha kichwani. Wataalamu wengi waliamini mtu anayeanguka kwa kasi angepoteza fahamu au angeshindwa hata kunyanyua mkono. Tarehe 28 Aprili 1919, Leslie Irvin aliruka kutoka kwenye ndege juu ya uwanja wa McCook, Dayton, jimbo la Ohio, akavuta mwenyewe. Mkono ulinyanyuka. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, jambo ambalo halikumzuia kuanzisha kiwanda. Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Oktoba 1922, Luteni Harold Harris aliokolewa na mwavuli ndege yake ilipoanza kusambaratika juu ya mji huohuo. Alitua kwenye kichanja cha mizabibu nyuma ya nyumba ya watu. Ndipo ikazaliwa Klabu ya Kiwavi, iliyopewa jina la yule mdudu asokotaye hariri. Irvin alimpa beji ndogo ya dhahabu kila aliyeokolewa na mwavuli wake. Rubani Charles Lindbergh aliruka kwa dharura mara nne. Sharti la klabu ni moja na linawachekesha waruka miavuli mpaka leo: anayeruka kwa hiari yake hahesabiwi, hata akiruka mara 10,000.

Vita Kuu ya Pili iliacha maghala yaliyojaa miavuli ya nailoni ambayo jeshi halikuihitaji tena, na vijana wengi waliojua kuitumia. Mchezo ukaenea kuanzia hapo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bled, Yugoslavia, mwaka 1951. Mwaka 1959 Jacques-André Istel, Mfaransa aliyehamia Marekani, alifungua kituo cha raia mjini Orange, Massachusetts, na watu wa kawaida wakaanza kujifunza wikendi.

Kwenye nchi za Kiswahili mwavuli ulijulikana zaidi kama chombo cha vita kabla haujawa cha starehe. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli kutoka kwenye ndege za Kimarekani hadi uwanja wa ndege wa Stanleyville, Kisangani ya leo, na Mei 1978 Wafaransa wakashuka Kolwezi, Katanga. Leo Diani, pwani ya kusini ya Kenya, mgeni hulipa ili afungwe kifuani mwa mwalimu na kuruka juu ya Bahari ya Hindi. Dubai wanaruka juu ya kile kisiwa cha kutengenezwa chenye umbo la mtende. Yule aliyefungwa kifuani hajui, na hana haja ya kujua, ni ugomvi kiasi gani ulipita mpaka mgongo wa mwalimu wake ukabeba unachobeba.

Chukua umbo la mwavuli wenyewe. Wa duara ulishuka pale upepo ulipoamua, na ulimwangusha mtu kwa nguvu. Ndiyo maana picha za zamani zinaonyesha mabuti mazito. Miaka ya 1960 mtengeneza tiara Domina Jalbert, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Florida, alibuni kitambaa cha mstatili chenye vyumba vinavyojazwa hewa kutoka mbele, kikawa bawa. Wa kwanza kukijaribu walilalamika, na haki ilikuwa yao: kilifunguka kwa mshtuko wa kuuma mbavu. Mambo yalitulia kilipoongezwa kipande kidogo cha kitambaa chenye pete nne, ambacho huteleza polepole kwenye kamba na kuchelewesha kufunguka. Baada ya hapo mwavuli wa duara ulianza kupotea kwenye viwanja vya mchezo.

Au pete tatu za Bill Booth, ambazo mimi naziona kuwa uvumbuzi mzuri kuliko wote katika mchezo huu. Mwavuli mkuu ukifunguka vibaya, lazima uutupe kabla ya kufungua wa akiba, usije ukasokotana nao. Zamani ilibidi ufunue vifuniko viwili vya chuma mabegani, uingize vidole, uvute pande zote mbili kwa pamoja huku ukizungushwa hewani. Booth, Mmarekani, miaka ya 1970 aliweka kila begani pete tatu: kubwa imeshonwa kwenye mkanda wa mwili, ya kati inapita ndani yake na kukunjwa, ndogo inaikunja ya kati, na mwisho wake kitanzi chembamba cha uzi kilichozuiwa na waya laini. Kila pete inapunguza mzigo inaoupokea, kiasi kwamba uzi ule unabeba sehemu ndogo sana ya uzito wa mtu. Vuta waya kwa mkono mmoja, na pande zote mbili zinaachia. Ukiziona mezani utadhani ni mapambo ya begi.

Hakuna kilichochekwa kama kifaa cha kufungua mwavuli chenyewe. Vya mwanzo vilikuwa vya wanafunzi, na mkongwe aliyevaa kimoja aliulizwa kama amesahau mikono nyumbani. Lakini vifaa hivyo vilikuwa na tabia ya kufyatuka visipotakiwa, na mwavuli wa akiba ukifunguka mlangoni mwa ndege unaweza kumvuta mtu hadi mkiani. Nani asingeogopa? Mwaka 1991 Mjerumani Helmut Cloth alileta Cypres, kikompyuta kidogo kinachosoma mgandamizo wa hewa. Kikiona mtu amefika kama mita 225 kutoka ardhini na bado anaanguka kwa zaidi ya kilomita 126 kwa saa, hulipua baruti kidogo sana inayosukuma kisu kukata kitanzi cha mwavuli wa akiba. Mrukaji aliyezimia, au aliyesahau kutazama saa ya kimo, hupata nafasi ya pili. Ndani ya muongo mmoja kejeli ikageuka upande: sasa anayechekwa ni asiyekivaa, na viwanja vingi havimpandishi ndegeni.

Ni huyohuyo Booth aliyetoa kauli ambayo warukaji wameigeuza kuwa sheria, wakaipa na namba: kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo warukaji watakavyozidi kujihatarisha, ili kiwango cha vifo kibaki palepale. Kwa muda ilionekana hakubahatisha. Miavuli ilipoacha kuua kwa kukataa kufunguka, watu walianza kununua midogo zaidi na zaidi, yenye kasi, wakaishusha kwa kona kali karibu na ardhi ili waserereke juu ya nyasi mbele ya marafiki. Kuanzia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya waliokufa walikufa chini ya mwavuli mzima, uliofunguka vizuri kabisa.

Lakini sheria hiyo imeanza kupata aibu. Marekani, ambako miaka ya 1970 ilikuwa kawaida kuzika zaidi ya warukaji 30 kwa mwaka, chama chao cha USPA kilihesabu vifo 10 mwaka 2023, katika miruko ipatayo milioni 3.65. Hakuna kifaa kimoja kilicholeta hilo. Kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni mafunzo: mrukaji wa sasa hufundishwa kuongoza mwavuli uliokwisha funguka, somo ambalo zamani kila mtu alijifundisha mwenyewe kwa kuumia.

Ugomvi uliobaki sasa ni wa ukubwa wa kitambaa. Ufaransa na Uholanzi zina jedwali linalolinganisha uzito wa mtu na idadi ya miruko yake, na aliye chini ya kiwango harukii mwavuli mdogo, atake asitake. Marekani wameliacha zaidi kwa mrukaji, muuzaji na mwalimu. Jioni, bia ya mgeni ikiwa inazunguka, mwenye miruko 200 atasema amejifunza haraka kuliko wenzake. Mwenye miruko 5,000 atamuuliza mwavuli wake una futi za mraba ngapi, atasikiliza jibu, kisha atamuuliza kama bima yake ya afya inalipia chuma cha paja.