NYUMBA YA KUCHUNGUZA UZEE HUKO BALTIMORE



Halmashauri ilituagiza tutie katika taarifa hii habari moja ya kale. Tumechagua habari ya nyumba ya kuchunguza uzee katika mji wa Baltimore, Marekani, maana mambo yake yametugusa sisi tunaoshika madaftari.

Serikali ya Marekani ilianzisha idara hiyo mwaka 1940, ndani ya hospitali ya mji. Mwaka 1941 alikabidhiwa Dr. Nathan Shock, mtu wa miaka thelathini na kitu, naye akaiongoza kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanzoni aliwapima wazee maskini waliotunzwa hapo hapo hospitalini. Lakini mzee aliyelemewa na maradhi na ufukara akipimwa, nani ajuaye kama kinachopimwa ni uzee au ni shida zake?

Mwaka 1958 alimjia Dr. William Peter, daktari aliyestaafu, ambaye zamani alifanya kazi ya afya ya watu nchini China. Yeye alikuwa tayari kupimwa angali mzima, tena akawaleta rafiki zake, na hao nao wakawaita wengine. Ndivyo ulivyoanza uchunguzi ambao haujakoma hata leo. Mtu huja, hukaa siku chache, hupimwa damu, mapafu, mafigo, nguvu za mkono na kumbukumbu, kisha hurudi kwao. Baada ya mwaka mmoja hadi minne, kwa kadiri ya umri wake, huja tena, na hivyo maisha yake yote.

Kuisimamia kazi ya namna hii si jambo jepesi. Fedha za Serikali huidhinishwa na Bunge mwaka hata mwaka, bali matunda hungojewa miaka ishirini. Mafundi huja na kuondoka; na kipimo kikibadilishwa ovyo, maandiko ya jana hayalingani tena na ya leo. Isitoshe, Dr. Shock alikusanya orodha ya maandiko yote ya elimu ya uzee aliyoweza kuyapata, akaitoa kitabu mwaka 1951, wala hakuacha kuiongeza. Sisi makarani tunaijua taabu ya kazi hiyo, ambayo hakuna aishukuruye!

Subira ile ilizaa. Hapo kwanza, vijana na wazee walipopimwa siku moja na kulinganishwa, ilionekana kwamba mafigo ya kila mtu hudhoofika kadiri anavyozeeka. Lakini mwaka 1985 yalitolewa matokeo ya wanaume 254 wenye afya, waliofuatwa mmoja mmoja kwa miaka mingi. Na theluthi yao mafigo yao hayakupungua nguvu hata kidogo. Basi neno la kwamba wazee wote ni hali moja lilikanushwa kwa hesabu.

Hata hivyo nyumba ile ilikuwa na kosa kubwa. Tangu 1958 waliandikwa wanaume tu. Wanawake hawakukaribishwa ila mwaka 1978, baada ya Dr. Shock kustaafu. Miaka ishirini ya maisha yao haikupimwa, wala hakuna awezaye kurudi nyuma kuipima.

Tuliposoma hayo tulifungua daftari la wazee wa Chama chetu, tukaona haya. Wajane hawamo. Ada ililipwa kwa jina la mume, naye alipofariki tulipiga mstari juu ya jina lake, tusiulize mkewe anaishije. Kosa hili ni letu sisi makarani, wala si la Mweka Hazina. Kurasa mpya zimekwisha kupigwa mistari, na daftari litakuwa mezani siku ya Mkutano Mkuu. Twawaomba wazee waje na majina ya wajane wanaowajua, na kijiji anachokaa kila mmoja, hata kama ada yake haijalipwa tangu mumewe alipofariki.