Mwali mbele ya penseli

Siku nilipovua nguo mbele ya watu kumi na wanne walioshika penseli, wa kwanza kunijia kichwani alikuwa bibi. Si mama, si mchungaji. Bibi mzaa mama, Mkaguru wa upande wa Mamboya aliyeolewa Kilosa mjini na mfanyakazi wa reli, na aliyekuwa kungwi kwa miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia. Nilimwona kabisa, amekaa kwenye mkeka, anasubiri nimweleze nafanya nini pale.

Nilikuwa mwanafunzi Uingereza, mwaka wa pili, na hela zilikuwa zimekata. Tangazo lilibandikwa ukutani mgahawani: darasa la jioni la kuchora linatafuta mtu wa kukaa pozi, saa mbili, malipo mkononi. Kwamba mtu huyo atakuwa uchi kiliandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nyumbani neno "modo" maana yake ni binti mwembamba anayetembea jukwaani na gauni la mwenzake. Mimi si mwembamba, na gauni halikuwepo.

Nyuma ya pazia nililivua joho, nikalivaa, nikalivua tena. Vidole vilikuwa vya baridi na kwapa zinachuruzika. Mwalimu, mama mtu mzima, aliniambia neno moja tu la maana: chagua kitu kimoja ukikazie macho. Nilichagua doa la rangi ukutani lililofanana kidogo na ramani ya Ziwa Nyasa. Tukaanza na pozi za dakika moja moja, halafu ikaja ya dakika ishirini, nimeketi, uzito wote kwenye nyonga ya kushoto.

Sasa, watu wakinihoji niliushindaje woga, nadhani wanategemea habari za ujasiri. Ukweli ni kwamba uliondolewa na ganzi. Dakika ya nane mguu ulikufa. Dakika ya kumi na mbili nilikuwa nahesabu, na mtu anayehesabu hana nafasi ya kuona aibu. Nilisikia penseli zinakwaruza, mtu anafuta kwa nguvu, mtu anaguna. Wakati wa mapumziko nilivaa joho nikazunguka kuangalia karatasi. Mmoja alinipa mabega ya kuli. Mwingine alishindwa mikono akaiacha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amenichora mimi. Walikuwa wanagombana na karatasi zao, na mimi nilikuwa sababu tu ya ugomvi.

Kilichonishangaza baadaye, nilipoanza kusoma, ni kwamba Wazungu wenyewe walihangaika muda mrefu na jambo hili. Johan Zoffany, mwanzoni mwa miaka ya 1770, aliwachora wanachama wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London, kilichoanzishwa 1768, wakiwa kwenye chumba cha kuchorea mwili. Wanaume wamejaa chumba kizima. Wanawake wawili waliokuwa miongoni mwa waanzilishi, Angelica Kauffman na Mary Moser, hawamo chumbani. Wametundikwa ukutani kama picha, kwa sababu haikufaa wakae mahali penye mwanamume aliye uchi. Katika chuo hicho wanawake walisubiri hadi 1893 ndipo waruhusiwe kuchora mtu hai, na hata hapo mwanamume alifungwa kitambaa kiunoni. Kule Philadelphia, Thomas Eakins aliondolewa kwenye kazi yake ya ualimu mwaka 1886 baada ya kumvua modo wa kiume kitambaa hicho mbele ya wanafunzi wa kike.

Lakini turudi kwa Zoffany. Mbele kabisa, pembeni, ameketi kijana katikati ya shughuli ya nguo zake, nusu ndani nusu nje. Nyuma yake mwenzake anawekwa pozi, mkono wake umeshika kitanzi cha kamba inayoning'inia ili usichoke kubaki juu. Mabwana wenye mawigi wanazungumza. Hakuna anayemtazama yule kijana. Naijua ile hali. Dakika ngumu kuliko zote ni ile ya kuvua. Ukishakuwa uchi kamili mambo yanatulia.

Kwetu Afrika Mashariki darasa la namna hiyo lilikuja kwa kuchelewa na kwa mzunguko. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mnamo 1937, alipenda kuwasimulia wanafunzi kisa kisha wachore walichokiona akilini. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alipita mikononi mwake, kisha mwaka 1952 akaenda Slade, London, shule iliyojijengea jina kwa kumchora mtu hai. Akakaa mpaka 1955. Ukizitazama picha zake za baadaye, kama ile ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ambayo iko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, unakuta watu wadogo wadogo, sura hazichorwi kwa undani, wako wengi na wana kazi ya kufanya. Kwangu mimi ni kama mtu aliyeketi miaka mitatu mbele ya mwili mmoja uliosimama kimya, akashukuru, akarudi kwa majirani zake. Wengine wanauita huo udhaifu wa mchoraji. Mimi nauita uamuzi.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mwili mtupu na sanaa vilikutana kwetu kwa mara ya kwanza Makerere. Wilaya ya Kilosa iko ndani ya ukanda wa mwana hiti: Wazaramo, Wakwere, Waluguru, Wakaguru na majirani zao. Mwana hiti ni kipande cha mti kinachoenea mkononi. Ana kichwa chenye kishungi kilichogawanyika mara mbili, ana matiti, ana kitovu. Mikono hana, miguu hana. Mwali akiwa ndani hupewa amtunze kama mtoto. Marja-Liisa Swantz alimwandika kwa kina kwa upande wa Wazaramo katika kitabu chake cha 1970. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya serikali Tanganyika, alikusanya vinyago vya udongo vya jando na unyago akatoa kitabu mwaka 1956. Na T. O. Beidelman, Mmarekani, aliishi na Wakaguru wilayani Kilosa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akaandika kuhusu mafunzo hayo mpaka kitabu chake cha 1997.

Nawasoma kwa faida, lakini nina kinyongo kidogo. Vile vinyago vilitengenezwa vionekane na macho fulani, siku fulani, na wimbo wake. Kikiwekwa kwenye kioo cha makumbusho chini ya taa, kila mpita njia anakitazama, na kinyago hakina joho la kuvaa wakati wa mapumziko.

Serikali nayo ilikuwa na neno lake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Miaka hiyohiyo Wamasai walikuwa wanabanwa waache lubega wavae suruali. Yaani binti wa Kariakoo alikuwa uchi kwa sababu ya uzungu wake, na moran alikuwa uchi kwa kukosa uzungu. Wakwavi wa Kilosa, waliokuwa wakishuka mjini siku za mnada, waliingizwa kwenye hesabu ileile ya nani amefunika kiasi gani.

Nilirudi likizo. Bibi alikuwa amehamia Mikumi kwa mjomba, nyumba ya nyuma ya barabara kuu, malori ya Iringa yakinguruma usiku kucha. Mikumi kutazama ni biashara: hifadhi ipo tangu 1964, na watu wanalipa kuingia wamtazame tembo ambaye hajavaa kitu na wala hana habari nao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenenepa."

Kwa Wakaguru bibi na mjukuu ni watani, na Beidelman aliliandika hilo mwaka 1966 kwa maneno marefu. Kwa maneno mafupi: yale usiyoweza kumwambia mama, bibi anayataka. Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchicha.

"Walikuwa wanaume?"

"Mchanganyiko."

"Walikugusa?"

"Hapana. Hairuhusiwi."

"Walicheka?"

"Hapana."

Akafikiri. Akaniambia siku alipotolewa nje akiwa mwali alipakwa mafuta, akabebwa mabegani, kifua wazi, ngoma zinapigwa, na kwamba alitetemeka mpaka aliyembeba akamfinya paja. Aliambiwa aangalie chini, asitafute macho ya mtu. "Nilitazama kisigino cha mama mmoja," alisema. "Kilikuwa kimepasuka. Mpaka leo nakikumbuka."

Nikamwambia habari za doa langu la Ziwa Nyasa. Alicheka mpaka akakohoa. Nikaona niichukue nafasi hiyo, nikamwomba anifundishe wimbo mmoja wa unyago niuandike. Kicheko kikakata palepale.

"Wewe ulikaa mbele ya watu wa kalamu ukalipwa. Hilo ni lako. Nyimbo si zangu peke yangu."

Halafu akauliza walilipa ngapi. Nilipomtajia kwa shilingi aliweka mchicha chini.

"Kwa kukaa tu?"

Mchoro mmoja ninao, ule wa mabega ya kuli. Mchoraji alinipa usiku wa mwisho. Nilimwonyesha. Aliugeuza huku na huku, akausogeza kwenye mwanga wa mlango, akasema huyu hakuchora kitovu. Kisha akaukunja vizuri, akaniambia niufiche kabla mama yako hajafika na basi la saa kumi.